Betri ya Mama Haloo

Mkuu haendi kwa mtu. Mtu ndiye anayekwenda kwa Mkuu. Hayo ndiyo maneno ambayo Dereva wake alimletea mkewe mchana ule, kasimama mlangoni na matope mpaka magotini, bila hata kuuliza mama yake kaamkaje. Mkuu ana ujumbe wa kupeleka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo sanduku la betri lipelekwe ofisini, na redio, na waya wake, na mwenye kujua kuvitumia aongozane navyo. Gari liko nje linanguruma.

Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaikanda miguu ya mama mkwe wake, miguu iliyovimba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Hakuinua kichwa. Alijibu kwamba kama Mkuu ana ujumbe, auandike, na yeye atausoma papa hapa ilipo antena, kama alivyosoma wa watu wengine wote tangu daraja lichukuliwe na maji.

Dereva alikizungushia macho chumba chao: cherehani pembeni, vitambaa vya sare juu ya meza, kitanda cha mama yake, ndoo inayokinga maji ya paa. "Unataka ujumbe wa serikali utokee humu?" akauliza.

"Na wewe ulitokea wapi?" mama yake akamjibu kutoka kitandani. Mwili ulikuwa umemchoka lakini ulimi bado ulikuwa na makali yake.

Mtaani walimwita mke wa Dereva kwa jina la Mama Haloo, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Zamani alikuwa mpokea simu, mpaka ofisi ya simu ilipofungwa na wao wakaambiwa ahsanteni. Wenzake walilia wakatafuta kazi nyingine. Yeye alishona nguo ili ale, lakini sauti za watu wa mbali zilikuwa zimemwingia damuni, basi akaomba leseni, akajitafutia redio ya kuzungumza hewani, ile ya watu wanaozungumza kwa kupenda tu wala hawalipwi na mtu. Kila jioni utamsikia: haloo, haloo. Majirani wakamuuliza kama amepata mume wa pili huko hewani, na huyo mume analeta matumizi au analeta salamu tu.

Sanduku lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake. Mbao nne na mfuniko, kamba mbili za kushikia, ndani betri ya gari kubwa, juu kipimo chenye mshale na matundu ya kuchomekea, na kibao cha sola cha ukubwa wa sinia. Umeme ukikatika, na ulikuwa haukosi kukatika, yeye alibeba sanduku lake akakaa popote akaendelea na haloo zake. Watu wakaliita sanduku la mganga. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mvua iliponyesha bila kupumzika, nguzo za umeme zikalala chini kama walevi, daraja likaenda na maji, mnara wa simu nao ukazimika mafuta yake yalipokwisha. Ndipo watu wakaacha kucheka wakaanza kubisha hodi. Yule aliyemuuliza habari za mume wa pili ndiye aliyekuja wa kwanza, anamtafuta mwanawe aliyekuwa ng'ambo. Mama Haloo alimtafutia akampata. Hakumdai hata shukrani.

Lakini betri si kisima. Redio ya namna ile ukisikiliza tu haili kitu cha maana. Kusema ndiko kunakokula. Kila ukibonyeza kitufe ufungue kinywa, mshale unashuka. Na jua lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu tangu mvua ianze, kibao cha sola kimekaa juu ya paa kinapokea maji. Kwa hiyo Mama Haloo alisema kama mtu anayenunua maneno dukani: jina, mahali, shida, basi.

Asubuhi ya siku ile alikuwa amezungumza na Mjomba. Huyu ndiye aliyekuwa akipanga safari za boti ya uokoaji huko ng'ambo. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, ila walifahamiana hewani miaka mingi, na sauti yake nzito ya kizee ndiyo iliyompa jina. Mjomba alisema boti itakuja kesho, ina nafasi sita kwa mji wao, kwa wagonjwa. Majina yote yatajwe pamoja saa kumi jioni. Yeye mwenyewe anaishi kwa betri na ana vijiji vingi vya kusikiliza, kwa hiyo baada ya hapo atafunga redio. Nafasi isiyotajiwa jina ataipeleka kijiji cha juu, maana huko nako watu wanakufa.

Muuguzi wa zahanati alipita akatoa majina matano. La tano lilikuwa la mama mkwe. Figo zake zilikuwa zimechoka siku nyingi, na kila wiki alikuwa akipelekwa hospitali kubwa ng'ambo kusafishwa damu kwa mashine. Tangu daraja liondoke hakwenda. Muuguzi alimvuta Mama Haloo mlangoni akamwambia bila kuzunguka kwamba kama mama huyu havuki kesho, basi wasimhangaikie tena na dawa, wamhangaikie kwa mengine.

Hayo yote Mama Haloo alimweleza mumewe mchana ule. Alimwonyesha mshale. Betri iliyobaki inatosha majina matano na maneno machache ya kuagana, haitoshi hotuba.

"Ujumbe wake ni mfupi," Dereva alisema. "Dakika tano. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikirudi mikono mitupu, kesho kazi sina, na hiyo hospitali tutamlipia kwa nini?" Na kabla hajajibiwa aliinama, akashika zile kamba mbili, akaliinua sanduku yeye mwenyewe na kulipeleka garini.

Mama Haloo alibaki amekodoa macho. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mumewe akilibeba lile sanduku, hata siku alipomwomba. Angekataa kwenda, lakini alijua wakiachiwa wenyewe watachomeka waya kinyume waiunguze redio kwa dakika moja. Akamfunika mama mkwe miguu, akachukua redio na waya, akafuata.

* * *

Ofisini walimkalisha kwenye benchi la nje. Mkuu alikuwa anakula. Dereva alitumwa kuutundika waya wa antena kwenye mlingoti wa bendera, akapanda ngazi huku askari wa getini akimcheka kwamba leo amepandishwa cheo. Alicheka naye. Mama Haloo aliona jinsi alivyocheka, kicheko cha mtu asiyeruhusiwa kununa.

Nyuma ya ofisi, ng'ambo ya ua, kulikuwa na nyumba ya Mkuu, na kutoka huko jenereta ilikuwa ikinguruma bila wasiwasi. Mama Haloo alimwendea Katibu, akamwomba achomeke betri yake kwa muda huu wa kungoja. Katibu akamwambia mafuta ya jenereta hutolewa kwa sahihi ya mtunza ghala, na mtunza ghala amekwama ng'ambo. Mama Haloo akauliza, hii inayonguruma sasa imetiwa mafuta kwa sahihi ya nani. Katibu akamwambia asianze siasa. Baadaye askari wa getini, kwa sauti ya chini, akamnong'oneza kwamba kuna friza mbili za nyama mle ndani. Hebu niambie wewe: mji mzima uko gizani, zahanati inazalisha watu kwa tochi, na nyama ya mtu mmoja inalindwa isioze.

Alipoitwa, saa kumi ilikuwa imekaribia. Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, wa wale wasiokaripia kwa sababu hawana haja. Alimwita "mama", akamshukuru kwa uzalendo wake, akampa karatasi. Haikuwa fupi. Mama Haloo aliipitisha macho upesi. Akaomba, kwa adabu zote alizokuwa nazo, ataje kwanza majina ya wagonjwa, kisha asome ujumbe wa Mkuu kwa betri itakayobaki.

"Mama," Mkuu alisema, "serikali ndiyo kichwa. Umeona wapi miguu inatangulia na kichwa kinafuata?"

Katibu alicheka. Dereva, aliyesimama nyuma ya kiti cha Mkuu, hakucheka, ila alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba, kama mtoto anayeomba asisemwe mbele ya wageni. Mama Haloo akainamia redio. Akabonyeza kitufe.

Mjomba aliitika mara moja, yuko tayari na kalamu. Mama Haloo akasoma. Zilianza salamu. Zikafuata vyeo vya anayesalimiwa, vikafuata vyeo vya anayesalimu, vyote kimoja baada ya kingine. Ikafuata taarifa kwamba hali imedhibitiwa na wananchi wametulia. Mshale ukashuka. Ujumbe wa ofisi una taratibu zake hewani: kila kipande kikishasomwa, mpokeaji anakirudia ili kuthibitisha. Mjomba akakirudia, taratibu, kwa ile sauti yake ya kizee. Mkuu alisikiliza huku amefumba macho kama anayesikiliza muziki, kisha akayafumbua.

"Ameruka," akasema. "Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa. Ameruka hicho. Mwambie asahihishe."

Mama Haloo alimweleza kwamba kusahihisha ni kubonyeza tena, na kubonyeza ni kula betri, na kuna watu watano wanaongojea kutajwa, mmoja wao mgonjwa wa figo. Hakusema ni nani. Mkuu akasema kwa upole uleule kwamba ujumbe usio kamili ni sawa na usiopelekwa. Basi akabonyeza, akasoma vyeo upya, vyote, kwa sababu Mkuu alitaka vikae kwa mpangilio wake. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitamka Mheshimiwa, Mheshimiwa, na akatamani aiteme.

Kisha akafika mwisho wa karatasi, na mwishoni ndipo lilipokuwa neno lenyewe. Mkuu anaomba nafasi moja katika boti ya kesho, ihifadhiwe kwa ajili yake, anakwenda kwenye kikao.

Aliachia kitufe. Redio ikavuma. Mjomba akauliza kama bado yupo.

"Soma, mama," Mkuu akasema.

Angeweza kutosoma. Hilo alilijua wakati ule na aliendelea kulijua. Lakini kulikuwa na askari mlangoni, na mumewe nyuma ya kiti, na saa ukutani, na kila sekunde ya kubishana ilikuwa sekunde ya Mjomba. Akahesabu haraka: nafasi sita, wagonjwa watano, huyu wa sita. Nafasi zinatosha wote. Basi amwombee, amalizane naye, afike kwenye majina. Akasoma.

Mjomba akasema amepokea, sasa apewe majina, na afanye haraka maana sauti yake imeanza kukatika.

Sasa, watu wa hewani wana desturi yao, na wanaiheshimu kuliko wengine wanavyoheshimu sheria. Mwenye redio, hata awe na shida gani, hutanguliza shida za watu. Yake huwa ya mwisho, kama mpishi anavyojipakulia mwisho. Mama Haloo alikuwa ameishi hivyo miaka mingi hata hakuwa anafikiri tena. Kinywa chake kilianza chenyewe na mwashi aliyeangukiwa na ukuta. Kikaenda kwa mama mjamzito aliyeanza kutoka damu. Kikaenda kwa mtoto wa mwuza mkaa, mwenye homa ya kupoteza fahamu. Kikaenda kwa mzee aliyeumwa na nyoka. Mjomba akasema ameandika wanne, mwingine. Mama Haloo akabonyeza kitufe kumtaja mama mkwe wake, na taa ya redio ikazimika.

Alibonyeza tena. Akakaza nyaya, akageuza swichi. Mshale ulikuwa umelala.

Mkuu aliinuka, akashusha shati lake, akauliza kama ujumbe wake ulifika wote. Katibu akamhakikishia kuwa ulifika na ukasahihishwa. Mkuu akamshukuru tena Mama Haloo kwa uzalendo wake, akatoka.

Mama Haloo alimfuata mumewe mpaka kwenye korido akamshika mkono wa shati. Alizungumza upesi na kwa sauti ya chini. Mjomba hafungi redio papo hapo, ni mtu wa kungoja, atasikiliza kidogo. Jenereta ile pale. Umeme wa muda mfupi tu ungetosha kutaja jina moja.

"Wewe una ufunguo wa geti la uani," akamwambia. "Twende tuchomeke. Ni jina la mama yako."

Dereva alitazama matope ya viatu vyake. Akasema Mkuu anamngoja garini. Akasema asimtafutie makubwa, pengine boti itakuwa na nafasi tu, wenye boti ni watu wema, watamwona mgonjwa watamchukua. Kisha akajinasua mkono wake polepole, akaenda kumfungulia Mkuu mlango wa gari.

* * *

Hakuna aliyemrudisha nyumbani. Gari lilikuwa na kazi. Mama Haloo alijitwisha lile sanduku kichwani, redio kwapani, akapita katikati ya mji na mvua ikimpiga usoni, na watu vibarazani wakamuuliza kama kuna habari. Aliwaambia boti inakuja kesho. Mke wa mwashi alimshukuru mpaka akapiga magoti kwenye maji. Mama Haloo akapita haraka, maana alikuwa amehisi kitu kibaya moyoni: alimwonea wivu yule mama.

Kumweleza mama mkwe ndiko kulikokuwa kazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote kwa mpangilio, hakuficha hata lile la kumwombea Mkuu nafasi. Bibi alimsikiliza, uso umemvimba macho yamekuwa madogo.

"Mwanangu," akasema mwisho, "miaka yote unanitaja kwa majirani, mara nimeficha sukari, mara nimekusema kwa mumeo. Siku moja tu ya kunitaja ndipo betri ikakuishia?"

Mama Haloo alicheka, kicheko kikageuka, akaegemea tumbo la mama mkwe akalia kwa hasira, si kwa huzuni, analia na kusaga meno. Bibi akampapasa mgongo na ule mkono mzito. Akamwambia alie upesi amalize, maana kesho lazima mtu ampeleke mtoni, na yeye haendi mtoni kusindikizwa na mtu mwenye macho mekundu.

Jioni Dereva alirudi na kifurushi. Mkuu alikuwa amewagawia wafanyakazi nyama, maana jenereta nayo ilianza kusumbua. Alikiweka kifurushi mezani, akangoja mtu aseme neno. Mama yake alimwambia nyama haruhusiwi na daktari, ampe paka. Dereva alikaa mlangoni, akavua viatu, akaanza kuvipangusa, akavipangusa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Haloo alikuwa akisema moyoni, na kila alipomwangalia yule mtu alimwona anafanana zaidi na mtu asiyemjua.

* * *

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua, yamebaki manyunyu. Majirani wawili walimbeba Bibi juu ya kiti cha cherehani, mmoja huku na mmoja huku, mpaka ukingoni palipokuwa na daraja. Mwanawe hakuwepo wa kubeba. Mwanawe alikuja baadaye kwa gari, amemleta Mkuu, na aliposhuka alimfungulia mlango, akamfunulia mwavuli, akatembea naye mpaka majini akimkinga, yeye mwenyewe analowa.

Boti ilifika. Ndani tayari alikuwamo msichana, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, ametoka kijiji cha juu. Nahodha akaeleza kwamba nafasi moja ya hapa haikutajiwa jina, ndiyo hiyo. Mama Haloo alimtazama yule msichana, na msichana akamtazama. Mtu gani ataanza kumng'oa mtoto aliyevunjika mguu. Wakaingizwa mwashi, na mjamzito, na mtoto wa mwuza mkaa amelala kama mzigo, na mzee wa nyoka. Ikabaki nafasi moja, mbele, imetandikwa blanketi. Mkuu akaingia akaketi juu ya blanketi.

Mama Haloo alimwendea nahodha, akamwonyesha mama mkwe. Nahodha hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Bibi kwa huruma halisi. "Dada, maboya sita, watu sita," akasema. "Nikizidisha mmoja, nitawazamisha wote."

Basi akamgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa ameelekeza macho ng'ambo, kama vile ng'ambo kuna kitu cha kusoma.

"Kiti hicho nimekuombea mimi," Mama Haloo akamwambia. "Kwa betri yangu na kwa mdomo wangu. Nilikutaja na vyeo vyako vyote, mara mbili. Huyu mama ana jina moja tu, na halikupata nafasi kwa sababu yako. Hakuna kikao kinachosafishwa damu. Shuka."

Mkuu hakukasirika. Hilo ndilo lililomuuma Mama Haloo kuliko tusi. Alimjibu kwa upole kwamba anaelewa uchungu wake, lakini kila jambo lina taratibu, na yeye anakwenda huko kuwasemea wao hao hao. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa dereva wake apewe mkoba.

Dereva aliingia majini na mkoba mkononi, mwavuli bado ameuinua juu ya kichwa cha Mkuu. Alifika ubavuni mwa boti. Mkuu alishika mkoba, lakini mkoba haukuachiwa. Wakavutana kidogo, jambo la aibu tu, wanaume wawili na mkoba. Halafu Dereva akaukunja mwavuli, manyunyu yakaanza kumwangukia Mkuu usoni.

"Mheshimiwa, shuka," akasema.

Mkuu aliuliza amesema nini.

"Shuka. Mama yangu anakaa hapo."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka, watu wote waliisikia. Mkuu alimuuliza kama anajua anazungumza na nani, akajibu kwamba anajua, amemwendesha miaka yote. Mkuu akamwamuru nahodha aondoe chombo. Injini ikawaka. Dereva akautupa mkoba ukingoni, akashika ubao wa boti kwa mikono miwili, maji yakamfika kifuani, miguu ikateleza, hakuachia. Kaka wa mwashi akaingia majini akashika upande wa pili. Mke wa mwashi akafuata na nguo zake. Akaingia mwuza mkaa, ambaye mwanawe alikuwa mle ndani na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa yake pia. Hakuna aliyepiga kelele. Walishika tu.

Nahodha akazima injini. Akasema mafuta yake si ya kuchezea, waamue wenyewe. Ndipo yule mama mjamzito, aliyekuwa amejikunja nyuma ya boti anashika tumbo, akafumbua macho akamwambia Mkuu maneno manne, kwa heshima, kama anavyoambiwa mtu aliyeziba njia: "Baba, shuka sisi twende."

Mkuu alishuka. Alitafuta mkono wa kushika, hakuupata, akaingia majini na viatu na suruali yake, akapiga goti moja kwenye tope kabla hajafika ukingoni. Katibu alimkimbilia na leso. Dereva alimwinua mama yake kutoka kwenye kile kiti, akampakata kifuani, akampeleka, akamweka juu ya blanketi, akamfunga boya. Bibi alikuwa anahema kwa shida. Alimtazama mkwewe pale ukingoni.

"Ukipata jua, uwashe hilo dude lako," akamwambia. "Uniulizie."

Boti ikaondoka. Watu walisimama wakaitazama mpaka ikawa ndogo, kisha maneno yakaanza, watu wakaanza kucheka, wakampiga Dereva mabegani, mwuza mkaa akamwita mwanamume. Mkuu alipita akielekea garini. Alinyoosha kiganja bila kumtazama, Dereva akamwekea funguo za gari, na baada yake ule wa geti la uani. Katibu ndiye aliyeketi kwenye usukani.

Dereva alikuja kusimama mbele ya mkewe, maji yanamchuruzika, midomo imembadilika rangi kwa baridi. Kazi alikuwa hana tena. Alitaka kusema mengi, akauliza moja.

"Umeniona?"

Mama Haloo alikuwa ameanza kukinyanyua kile kiti cha cherehani. Alikiinua akakiweka begani, akamtazama mumewe machoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nimekuona," akasema. "Na jana pia nilikuona."